Shule ya msingi ya kijiji: wastani 112, chakula kiliisha Septemba, wazazi hawaji mikutanoni. Kamati ianze na lipi?

Mjumbe Mpya

Habari wakuu. Kamati mpya ya shule yetu imeingia kazini mwezi huu. Ni shule ya msingi ya serikali, ipo kijijini mkoa wa Dodoma. Hali tuliyoikuta:

Wanafunzi 420, Awali hadi la Saba. Walimu 7 pamoja na Mwalimu Mkuu. Darasa la Saba mwaka jana walifanya mtihani 31, wakafaulu 12, wastani wa shule 112 kati ya 300. Makande ya mchana yalikuwepo, mahindi yakaisha Septemba na ndipo utoro ukaanza. Mkutano wa mwisho walikuja wazazi 23, na hao 23 neno lao lilikuwa moja: elimu ni bure.

Mwalimu Mkuu anaomba tuchangie kambi ya Darasa la Saba. Wajumbe wengine wanataka tulipe mwalimu wa kujitolea, wengine wanasema chakula kwanza. Vyote kwa pamoja hatuviwezi. Naomba wanaozijua hizi kazi mnisaidie mambo matatu: lipi litangulie, chakula cha mwaka mzima kinapigiwaje hesabu, na ruzuku tunaiulizia vipi bila kuvunjiana heshima na Mwalimu Mkuu.

Chaki Nyeupe

Mjumbe, pole na hongera. Kabla ya kuchangisha chochote, kaeni na matokeo mezani.

Mtihani wa la Saba una masomo 6, kila moja alama 50. Kwa shule zetu zinazofundisha kwa Kiswahili, matano yanaulizwa kwa Kiswahili: Kiswahili chenyewe, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili. Kwa hiyo alama 250 kati ya 300 zinamtaka mtoto kwanza asome swali la Kiswahili akalielewa. Mtoto wa la Saba anayeunga silabi kwa kidole, hata mumweke kambi miezi mitatu, mnamlisha tu.

Madaraja ni haya: A 241 hadi 300, B 181 hadi 240, C 121 hadi 180, D 61 hadi 120, chini ya hapo E. Kufaulu ni A mpaka C. Shule yenu ipo D, imekosa alama 9 kuifikia C. Lakini wastani unaficha mambo. Ombeni alama za mitihani ya majaribio ya la Saba wa sasa, mzigawe mafungu matatu: waliovuka 121, waliopo kati ya 100 na 120, na walio chini ya 100. Kisha fungueni rejista ya Darasa la Kwanza ya mwaka ambao wale 31 walianza. Kama walianza 58, swali lenu kubwa ni wale 27 waliishia wapi: walihama, wamekariri la Nne, au wanachunga. Mtoto aliyeacha haonekani kwenye wastani wowote.

Sasa kazi yenyewe. Anzeni na Darasa la Tatu, kisha la Nne, mpime kusoma kwa karatasi moja: silabi 10, maneno 10, aya ya sentensi 4, na hadithi fupi ya maneno 60 hivi ya kiwango cha la Pili yenye maswali mawili mwishoni. Mtoto mmoja mmoja, nje chini ya mti, wenzake wasisikie. Akipata 8 kati ya 10 bila msaada anapanda ngazi inayofuata. Akikwama mnaandika ngazi aliyofika. Dakika 5 kwa mtoto zinatosha. Darasa la watoto 64 ni dakika 320, walimu wawili wanalimaliza kwa alasiri mbili, mzazi mmoja akiwa kazi yake ni kuita majina. Anayesoma hadithi mpimeni pia kwa saa ya simu. Kigezo cha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa Darasa la Pili ni maneno 50 sahihi kwa dakika.

Kinachoharibu upimaji huu ni kutumia ukurasa wa kitabu cha darasani, kwa sababu watoto wameshaukariri. Utamwona mtoto macho yapo juani, mdomo unaendelea vizuri kabisa. Huyo hasomi. Andikeni hadithi mpya, au funika picha umwambie aanzie mstari wa tatu.

Mkishapata majibu, kwa dakika 45 za kwanza za siku wapangeni wa la Tatu na la Nne kwa ngazi zao, sio kwa madarasa. Kundi la silabi liwe dogo kuliko yote na lipewe mwalimu mwenye subira. Kadi zinakatwa kwenye maboksi ya dukani. Ma-me-mi-mo-mu hazisumbui sana. Wanapokwama ni mb, nd, nj, ng', ny, th, dh, na maneno yenye herufi tatu kabla ya irabu kama "kunywa" na "mbwa". Kama nyumbani wanaongea Kigogo au Kirangi, neno lisemwe kwa mdomo na lieleweke kwanza ndipo lisomwe, la sivyo mtoto anasoma sauti tupu. Wiki 8, kisha mnapima tena kwa hadithi nyingine.

La mwisho, nani anafundisha Darasa la Kwanza? Shule nyingi hulipeleka darasa hilo kwa mwalimu aliyekosana na ofisi au anayekaribia kustaafu, na mahiri wote wanakaa la Saba. Hapo ndipo D inapotengenezwa, miaka saba kabla haijatangazwa.

Stoo na Mizani

Mimi nakujibu la chakula tu. Mahindi yakiisha Septemba, mara nyingi hakuna aliyeiba. Hesabu ilikosewa Januari.

Kipimo cha makande kwa mtoto mmoja kwa siku: mahindi gramu 120, maharage gramu 40, mafuta gramu 5, chumvi gramu 3. Wa Awali wanapakuliwa pungufu, wa Saba wanaongezwa, wastani unabaki palepale. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Kwa watoto 420:

Mahindi kilo 50.4 kwa siku, kwa mwaka kilo 9,778, yaani magunia 98 ya kilo 100.
Maharage kilo 16.8 kwa siku, kwa mwaka kilo 3,260 hivi.
Mafuta kilo 2.1 kwa siku, ambayo kwa mwaka ni kama lita 1 kwa kila mtoto.

Ukigawa, kila mtoto anadaiwa mahindi kilo 23.3 na maharage kilo 7.8. Weka kilo 25 na kilo 8 ili panya na kumwagika visiwaumbue. Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea: hizo 25 ni za mahindi YALIYOKOBOLEWA. Gunia la kilo 100 likipita kwenye mashine ya kukoboa linapoteza kilo 15 hadi 20 za pumba. Wazazi wakileta kilo 25 zenye maganda, umepata 20 au 21, na hapo huumalizi mwaka. Mwombeni mzazi kilo 30 ghafi. Pumba zitakazobaki kwa watoto 420 ni kama tani 2 na wafugaji wanazinunua. Fedha hiyo iandikwe daftarini, inalipa kukoboa na chumvi.

Pokeeni kwa mizani, msipokee kwa debe. Debe na debe zinaweza kupishana kilo 2, na aliyejaza kilemba akimwona aliyeleta la kupigwa rula mmeshaanza ugomvi.

Msipokee Januari. Januari Dodoma ghala la mkulima limekauka na bei ya mahindi imepanda. Azimio lipite mapema, ukusanyaji ufanyike Juni na Julai watu wakitoka kuvuna. Mavuno hayo yanalisha muhula wa pili na muhula wa kwanza wa mwaka unaofuata. Mwaka wa kuanzia mtakuwa na pengo la miezi michache. Lizibeni kwa uji wa mtama au uwele, gramu 50 za unga kwa mtoto kwa kikombe cha mililita 400. Ni kilo 21 za unga kwa siku, na mtama huko kwenu haukosekani.

Kabla gunia halijaingia stoo, pima unyevu. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, weka mahindi theluthi moja, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa vizuri dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayo bado mabichi, mwenyewe akayaanike tena. Usimwonee haya. Gunia moja bichi linaleta ukungu kwa jirani zake, na sumukuvu haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Magunia yakae juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani ili paka na mtu wapite nyuma. Akiba ya kula baada ya Krismasi iwe kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani. Kila nailoni ifungwe peke yake kwa kusokota na kukunja, maana ikipumua dumuzi anaishi.

Stoo ifungwe kwa kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu, mmoja kwa mzazi. Daftari liwe na tarehe, kilichotoka, baki, idadi ya watoto waliokuwepo siku hiyo kutoka kwenye rejista, na sahihi mbili. Halafu kila Ijumaa gawanya kilichotoka kwa waliokuwepo. Mfano zimetoka kilo 52 na rejista inasema watoto 361: hiyo ni gramu 144. Ziada ya gramu 24 kwa kila mtoto ni karibu kilo 9 kwa siku moja. Pengine wapishi wanapima kwa ndoo iliyobadilishwa, pengine chakula cha walimu kimejumlishwa humo, pengine ni jambo jingine. Mnauliza wiki hiyo hiyo, hamsubiri Septemba.

Kupika: maharage na mahindi vilowekwe usiku, sufuria mbili za lita 120, jiko banifu. Serikali imeshaelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, kwa hiyo kama mnajenga jiko jipya ulizeni halmashauri kwanza, msije mkajenga mara mbili.

Daftari Wazi

Kuhusu ruzuku, Mjumbe, nenda na namba, usiende na tuhuma.

Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shilingi 6,000 zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Kwa 420 mnatarajia 2,520,000 kwa mwaka, yaani 210,000 kwa mwezi. Humo kuna chaki, karatasi, mitihani, michezo, ukarabati mdogo na shughuli za ofisi. Ukiiona hesabu hiyo utamwelewa Mwalimu Mkuu kuliko ulivyomwelewa jana.

Swali la kwanza la kumuuliza ni hili: "Mwalimu, fedha inaletwa kwa idadi ya wanafunzi wangapi?" Ruzuku inafuata takwimu zilizojazwa kwenye mfumo. Kama mfumo unasoma 370 na darasani wapo 420, mnapoteza 300,000 kila mwaka na hakuna aliyeila. Swali hilo linamweka yeye na nyie upande mmoja. La pili, taarifa ya benki na ya FFARS (mfumo wa serikali wa hesabu za fedha za shule na vituo) zije kwenye kikao cha kamati kila robo mwaka na ziingie kwenye muhtasari. Yeye ndiye katibu wa kamati, kwa hiyo si kumvizia, ni kazi yake. Msiulizane mambo ya fedha kwenye kundi la WhatsApp.

Kisha bandikeni karatasi moja nje ya ofisi, kwa herufi ambazo mzee anazisoma akiwa amesimama: kilichoingia mwezi huu, kilichotumika na kwa nini, baki. Chini yake, mahindi yaliyopokelewa, yaliyoliwa, baki. Mistari sita tu. Taarifa ya kurasa nne hakuna atakayeisoma.

Kuhusu "elimu ni bure": ada ilifutwa na michango ya lazima ikakatazwa kwa nyaraka za 2015 na 2016, kwa hiyo wale wazazi 23 hawajakosea. Chakula kinapita kwa njia nyingine: mkutano mkuu wa kijiji unaazimia, muhtasari unasainiwa, mtendaji anasimamia, kamati ndogo ya wazazi inapokea kwa stakabadhi. Mwalimu asishike mchango hata wa shilingi mia, na mtoto asirudishwe nyumbani wala asinyimwe sahani kwa sababu mzazi hajaleta. Mkivunja hilo moja, mpango mzima unakufa kwa barua moja ya malalamiko.

Mahudhurio nayo: acheni kuita mkutano wa shule nzima kila mara. Iteni kwa darasa, kupitia UWAWA (ushirikiano wa wazazi na walimu), wazazi wawili wa darasa (mama na baba) ndio waalike. Epukeni siku ya mnada. Ajenda ya kwanza iwe daftari la mtoto: kila mzazi apewe la mwanawe alifungue pale pale. Mzazi akikuta kurasa kumi hazijasahihishwa, au akikuta mwanawe hana maandishi tangu Machi, mkutano umeshaanza wenyewe.

Saba Kwanza

Nakubaliana na mengi ila mmeipiga kambi mawe bure. Mzazi wa la Saba wa mwaka huu hawezi kuambiwa asubiri watoto wa la Tatu wakue. Lile fungu la alama 100 hadi 120 linavuka kwa maandalizi ya wiki sita, mitihani iliyopita na masahihisho ya swali kwa swali. Tena kumbukeni 2027: la Sita wa mtaala mpya na la Saba wa mtaala wa zamani wanamaliza shule mwaka huo huo. Madarasa mawili ya kuandaa kwa mpigo, walimu 7.

Chaki Nyeupe

Saba Kwanza, hapo sikupingi, ila iwe ya kutwa. Hakuna haja ya kulaza watoto kwenye madarasa yasiyo na matroni, vitanda wala vyoo vya usiku, hasa wasichana. Saa moja na nusu baada ya vipindi, siku nne kwa wiki, wakiwa wameshakula makande. Na ifanywe kwa fungu hilo la kati. Walio chini ya 100 waende kundi la kusoma hata kama wataona aibu kukaa na wa la Nne. Wapeni wao wasimamie kadi, aibu inapungua.

Hiyo 2027 inaongeza uzito kwenye ikama, yaani idadi ya walimu mnaostahili. Uwiano ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Kwa 420 mnahitaji 10, mna 7. Barua ya kuomba watatu iandikwe sasa, ipitie kwa Afisa Elimu Kata, iambatane na takwimu. Mwalimu wa kujitolea mkimchukua, awe na cheti cha ualimu, atambuliwe na halmashauri, na posho yake iwe na chanzo cha mwaka mzima. Akilipwa miezi miwili akaondoka, darasa linabaki katikati ya mada.

Mjumbe Mpya

Shukrani sana wakuu. Tumelielewa: chakula na kusoma ndio vitangulie, kambi iwe ya kutwa. Mawili yamebaki. Kuna kaya hazina kabisa cha kuleta, bibi analea wajukuu watatu. Na vyoo: tuna matundu 6 tu kwa shule nzima.

Daftari Wazi

Vyoo: kiwango ni tundu 1 kwa wasichana 20, na 1 kwa wavulana 25. Kama wasichana ni 220 mnahitaji 11, wavulana 200 mnahitaji 8. Jumla 19, pungufu 13. Ruzuku ya 210,000 kwa mwezi haichimbi hata moja likamalizika, kwa hiyo hilo liingie kwenye Mpango wa Jumla wa Maendeleo ya Shule, liende halmashauri, na kijiji kijitolee mchanga, kokoto na kuchimba. Anzeni na ya wasichana, na moja liwe na maji na mlango unaofungwa kwa ndani.

Stoo na Mizani

Bibi wa wajukuu watatu asisubiri kuomba msamaha mbele ya watu. Orodha ya kaya zisizo na uwezo ipangwe na wenyeviti wa vitongoji KABLA ya azimio, isisomwe hadharani. Mwenye nguvu lakini hana mahindi alete kazi: kuteka maji, kukoboa, zamu ya jikoni, na iandikwe daftarini kama mchango kamili.

Halafu mzigo wao uugawe kwa waliobaki tangu mwanzo. Tuseme watoto 42 wamesamehewa: kilo 30 mara 420, gawa kwa 378, ni kilo 33.3. Maharage 8 yanakuwa 8.9. Kwenye azimio andikeni mahindi kilo 34 na maharage kilo 9 kwa mtoto, na muandike "kwa mizani".